Bamkubwa kaondoka na deni la kuku wawili: uzi wa kumkumbuka Simba wa Keko

KijanaWaKeko:

Wakuu, habari za humu.

Juzi tumemaliza arobaini ya bamkubwa wangu, ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la kwanza. Nilitaka kuandika wiki ile ile ya msiba nikashindwa, kila nikishika simu naona bora nilale. Leo naandika, na itakuwa ndefu. Mwenye haraka apite, hatugombani. Najua uzi bila picha haunogi, ila mzee hakuwa mtu wa picha.

Alikuwa Simba. Nikisema Simba sisemi habari za jezi. Jezi hakuwahi kuwa nayo mpaka 2019 nilipomnunulia, akaivaa mara moja, akaikunja na kunirudishia: "Hii ina matangazo mengi kuliko gazeti."

Alikuja Dar kutoka Utete, Rufiji, mwaka 1967, hana timu. Mwaka uliofuata wenzake wakampeleka kuangalia Yanga na Sunderland, ndiyo Simba hiyo kabla ya kubadili jina mwaka 1971 (yeye alitamka "Sandalendi" mpaka anaingia kaburini). Yanga wakashinda 5-0. Mtu yeyote mwenye akili timamu angetoka pale ni Yanga. Yeye akatoka Sandalendi. Nilimuuliza kwa nini, mara ngapi sijui, jibu lilikuwa hilo hilo: "Wale waliopigwa tano walibishana njia nzima kwamba timu yao ndiyo nzuri. Nikaona hawa ndio watu wa kukaa nao."

Sasa, huwezi kumtaja bamkubwa bila mtani wake. Fundi baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwetu, Yanga wa kuzaliwa. Sisi watoto tulimwita Baba Mtani na sikujua jina lake halisi mpaka nilipofika sekondari. Hao wawili walikuwa na sheria yao moja: dabi ya Simba na Yanga ikiisha, aliyefungwa analeta kuku, idadi ni tofauti ya magoli. Sare hakuna kitu. Kuku wa kienyeji, tena jogoo. Hela haipokelewi.

Mkataba huo ulianza mwaka 1977, mwezi wa saba. Mnaojua historia mshaanza kucheka. Tarehe 19 Julai 1977 Simba akampiga Yanga SITA BILA. Kibadeni matatu peke yake, Jumanne Masimenti mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga akajifunga mwenyewe. Baba Mtani akaleta kuku watano, mmoja mmoja, kwa muda wa mwaka mzima. Wa sita akagoma. Hoja yake: goli la kujifunga Simba hawakulifunga, kwa hiyo halilipiwi. Bamkubwa: matokeo yanasomeka sita, si tano na nusu.

Kesi hiyo haikuisha. Nimekua nikiisikia. Siku za Idi, kwenye harusi ya dada yangu, siku Baba Mtani amelazwa na malaria bamkubwa amekwenda kumtazama na chupa ya uji, neno la kwanza mlangoni: "Kuku wa Sanga yuko wapi?"

Nimefika kituoni, nitaendelea jioni.

MwananchiDamu:

Pole sana mkuu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Kama mwana Jangwani, yaani Yanga, nasimama na Baba Mtani, goli la kujifunga halina mwenyewe. Kesi imefungwa.

Lunyasi_Og:

@MwananchiDamu hivi nyie hata msibani mnakuja na ubishi? Sita ni sita. Endelea mkuu, nimeweka kambi.

Mlelewa wa Nyamagana:

Pole kaka. Umenikumbusha baba yangu, Yanga, yeye alikuwepo Nyamagana hapa Mwanza Agosti 1974. Simba wametangulia, dakika zinaisha, Gibson Sembuli akasawazisha, kwenye nyongeza Sunday Manara akamaliza, 2-1. Mzee alikuwa akifika goli la Sembuli anasimama kwenye kiti, hata akiwa na miaka sabini na magoti mabovu. Tulikuwa tunamshika kiuno asianguke ndipo asimulie. Naye katangulia, mwaka wa nne huu.

UstadhWaMtaa:

Poleni na msiba. Ila tuseme ukweli bila kuogopana, kuku wa kuwekeana kwenye mpira hiyo ni kamari. Sisemi kwa ubaya.

KijanaWaKeko:

Asanteni wote. Ustadh, subiri, utaona suala lako lilifika mpaka kwa sheikh.

Naendelea. Bamkubwa aliingia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mwaka 1976, ikiwa mpya kabisa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa. Mwaka 1979 walikuwa wamempanga Mlimba, kule Kilombero. Akaomba ruhusa kuja Dar kuangalia Simba na Mufulira Wanderers ya Zambia, Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Simba akafungwa nne bila. Hapa hapa nyumbani, Taifa. Bamkubwa akarudi Mlimba na treni akiwa haongei, na siku ya marudiano akampa mwenzake redio, akaenda kulala mchana kweupe.

Asubuhi wenzake wakamwambia Simba kashinda tano bila kule kule Zambia na amevuka. Akajua wanamkejeli. Nusura apigane na mtu. Siku mbili hakuamini, anasema hata redio ilipotaja aliona labda amesikia vibaya. Mpaka ikaja treni ya kutoka Kapiri Mposhi. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mzambia, kila safari treni ikisimama Mlimba hununua mchele wa akina mama pale stesheni na kupiga soga na bamkubwa dirishani. Siku hiyo bamkubwa akamkimbilia: "Ndugu yangu, mpira vipi?"

Mzambia akafunga dirisha.

"Hapo ndipo nilipojua tumeshinda," alikuwa anasema. Na kila akisimulia alikuwa anafanya ule mkono wa kuvuta kioo, taratibu, anakutazama usoni. Tangu hapo hakuwahi tena kuacha kufuatilia mechi ya Simba, hata wakiwa wamekwisha. Aliona 1979 ni adhabu yake: goli tano za Zambia, yeye kalala.

Fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 alikuwepo uwanjani. Simba katoka sare 0-0 na Stella kule Abidjan, anarudi Dar kumalizia, Rais Mwinyi jukwaani, watu wameshaanza kugawana kombe. Stella wakashinda 2-0. Hii habari hakupenda kuisimulia, nami sitairefusha. Baba Mtani alikuwa upande wa Stella siku ile na hakuficha.

Sasa niwaeleze kuhusu nyumba yetu, maana ndiyo kiini cha yote. Keko na Uwanja wa Mkapa si mbali. Uwanja ukijaa, kelele zinafika. Wakati wa kusi, upepo ukitokea kule Chang'ombe, unasikia mpaka ngoma. Na mnajua kisimbuzi kinavyochelewa: goli limeingia, uwanja umelipuka, kwenye TV kipa bado anaweka mpira chini. Kwa hiyo bamkubwa alipoanza kuumwa (sukari, ikashuka kwenye mguu, uwanjani akawa haendi tena) hakukaa sebuleni na sisi. Alikaa barazani kwenye kiti chake cha kukunja, redio ndogo mapajani imefungwa sauti, anasikiliza uwanja wenyewe. Sisi ndani tukisikia kelele nje tunatoka mbio: "Bamkubwa, nani?" Naye anajua. Anakuambia ni goli au ni nafasi imekoswa, la Simba au la Yanga. Sijawahi kuelewa alitofautishaje. Nilimpima mara nyingi, akikosea alisingizia bodaboda iliyokatiza.

Novemba 5, 2023 upepo ulikuwa umeshaanza kuwa wa kaskazi, ambao kwetu hauleti sauti vizuri. Siku hiyo ilikuja tu. Yanga wakatangulia. Kibu akasawazisha kwa kichwa, bamkubwa akasimama na gongo lake, sijawahi kumwona akisimama haraka vile. Kipindi cha pili kelele ya kwanza akakaa. Ya pili akafungua redio, labda masikio yanamdanganya. Ya tatu akaingia ndani akafunga mlango. Ya nne ikamfuata ndani, maana bati halizuii kitu. Tano moja.

Kuku wanne. Alipeleka wawili kabla ya mwaka mpya. Wawili wakabaki, ugonjwa ukashika kasi, hela ikawa ya dawa.

Mamantilie_Tandika:

Jamani kelele ya nne imemfuata ndani 😭 Naandika huku machozi na kicheko, wateja wananishangaa.

MwananchiDamu:

Mimi siku hiyo nilikuwa miongoni mwa hizo kelele. Nisamehe mzee wangu. Kidogo tu.

Ingwe_Mumias:

Pole sana kutoka Kenya. Sisi huku tulimpoteza Isaac Juma, shabiki wa AFC Leopards na Harambee Stars, aliuawa nyumbani kwake huku Mumias Januari 2022. Yule mzee alikuwa anajipaka rangi mwili mzima na kucheza kando ya uwanja, watoto waliingia stadi kumwona yeye kabla ya mpira. Mechi ya kwanza baada ya mazishi yake watu walikuwa wanaangalia ile sehemu alikuwa anasimama. Nakuelewa ndugu yangu.

KijanaWaKeko:

@Ingwe_Mumias asante sana kaka. Yule tulimwona kwenye TV mpaka huku.

Nimalizie. Mwaka 2025 Simba akafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Bamkubwa miaka 75, hatoki kitandani bila kushikwa. Robo fainali na Al Masry ya Misri, Aprili, ilichezwa hapa Mkapa, tukamtoa barazani amefungwa blanketi, kusikiliza penalti. Penalti kwa masikio, wakuu. Kimya, kelele. Kimya, kelele. Simba akavuka, na bamkubwa akaanza kuhesabu: nusu fainali, kisha fainali, na fainali ya marudiano ni nyumbani. Miaka 32 tangu Stella. Itakuja kumkuta pale pale kwenye kiti.

Halafu mechi zikahamishiwa Zanzibar. Uwanja wa Mkapa ulikuwa na matatizo ya nyasi, CAF, wasimamizi wa soka Afrika, wakaukataa, nusu fainali ikaenda Amaan na fainali ikaenda Amaan. Sitaki kurudia ule ubishi wa nani alaumiwe, nyuzi zake zipo, zimejaa matusi. Nasema tu nilichokiona: Mei 25, Jumapili, mzee aliomba atolewe nje kama kawaida. Nikamwambia bamkubwa, leo ni Unguja, huku hutasikia kitu, bora TV. Akasema anajua, atolewe.

Wapinzani wetu, Berkane, walikuwa wanaongoza 2-0 za kwao Morocco. Mutale wa Simba akafunga mapema, mtaa mzima ukaruka, na yeye akatugeukia sisi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akauliza: "Nani?"

Basi mnajua ilivyoisha, Berkane wakasawazisha dakika za majeruhi. Kombe likaenda. Baba Mtani alikuwa amekuja tangu kipindi cha kwanza, kakaa kwenye ngazi. Siku hiyo hakutania. Alimshika mkono wakaenda ndani.

Wiki ya tatu baadaye bamkubwa akafariki, alfajiri, nyumbani.

Msiba. Vijana wa tawi walikuja na bendera ya Simba wanataka ifunike jeneza. Sheikh akakataa, jeneza lina kitambaa chake, wakaelewa. Wakaenda kusimama nayo barabarani tutakapopita. Kabla ya kutoka kwenda kuswalia, msemaji wa familia akasimama kama ilivyo desturi: kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze, familia italipa, na kama yupo anayedaiwa na marehemu naye awe muungwana.

Kimya. Mtu mmoja akataja elfu ishirini ya dukani, ikaandikwa.

Baba Mtani akanyanyuka. Kanzu, koti, kofia, na sijui aliivaa makusudi au ndiyo aliyokuwa nayo, skafu ya kijani na njano shingoni. Akasema: "Mimi namdai kuku wawili."

Msemaji akaandika. Anadhani ni biashara. "Kuku wa lini, mzee?"

"Wa tano moja."

Pakawa na ile sekunde ambayo watu hawajui kama inaruhusiwa kucheka. Sheikh akauliza taratibu: "Mzee wangu, deni hili ni la mali au la mpira?" "La mpira, sheikh." "La mpira halimfungi maiti. Kuwekeana ni makosa, aliyewekeana atubu, lakini deni hapa hakuna." Ustadh, umeona, mpo pamoja. Baba Mtani akajibu: "Basi sidai kwa dini. Nadai kwa utani."

Wazee wetu wa Rufiji wakaanza kunong'onezana. Kwetu mtani wa kabila msibani ana ruhusa yake, anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chake. Swali likawa: je, mtani wa Simba na Yanga naye ni mtani? Wazee watu wazima, maiti ipo ndani, jua linakwenda, wanajadili hilo. Mmoja akasema utani ni utani, kama watu wamezikana na kulishana miaka hamsini utauitaje?

Kabla hawajaafikiana ikatoka sauti ndani kwa wanawake, shangazi yangu, dada yake marehemu wa kuzaliwa, miaka themanini na ushee:

"Mwambieni kwanza alete kuku wa Sanga!"

Wakuu, pale hapakuwa na msiba tena kwa dakika nzima. Watu wanashikana mabega. Sheikh kainamisha kichwa, mabega yanacheza. Baba Mtani amesimama katikati anacheka na machozi yanaingia mdomoni, akanyoosha mikono juu: "Nimekubali. Sita ni sita. Toeni mmoja, abaki mmoja." Ndipo akaenda kushika jeneza mbele, upande wa kulia, na hakupokewa na mtu mpaka barabara kubwa.

Tumemzika makaburi ya Chang'ombe. Kutoka pale uwanja unasikika vizuri kuliko nyumbani.

Lunyasi_Og:

"Sita ni sita." Miaka 48 ya kesi imeishia mbele ya jeneza. Nimeshindwa kuandika zaidi. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

UstadhWaMtaa:

Sheikh kajibu kwa hekima. Mimi sina la kuongeza. Allah amsamehe na amrehemu. (Na mimi ni Simba, kwa wanaouliza inbox.)

Mamantilie_Tandika:

Kijana, sasa ile dabi ya Juni 25 Baba Mtani aliangalia wapi? Na huyo kuku mmoja mmelipa?

KijanaWaKeko:

@Mamantilie_Tandika aliangalia barazani kwetu. Hatukumwalika. Tukiwa ndani na TV, siku kumi tu tangu tuzike, tukasikia kiti cha kukunja kinafunguliwa nje. Akakaa kwenye ngazi kama siku zote, kiti akakiweka wazi pembeni yake. Penalti ya Pacome ilipoingia uwanja ukalipuka, nikatoka mbio kwa mazoea, nikajikuta nimesimama mlangoni nauliza "nani?" na hakuna wa kujibu. Baba Mtani akasema, "Sisi." Mzize akaongeza la pili. Akakigeukia kile kiti, sauti ya kawaida tu kama anaongea na mtu: "Sasa watatu." Akakikunja, akakiingiza ndani, akaenda zake.

Kuhusu kuku: siku ya arobaini nilimpelekea. Nilinunua pale karibu na nyumbani, mkubwa, mweupe, nikaona nimemaliza kazi. Akampokea kwa mikono miwili, akampima uzito, akamgeuza, akampapasa kifua. Akanirudishia.

"Huyu wa kisasa," akasema. "Baba yako mkubwa asingethubutu."

Jumamosi naamkia sokoni Temeke Stereo. Mwenye kujua anakopatikana jogoo wa kienyeji wa bei ya kibinadamu aniambie.